Kura Niliyojinyima

Harufu ya maganda makavu ya maharagwe ikinipata, narudi Kibabi, katika darasa letu la udongo, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Msimu huo wa mavuno mwalimu wetu, Papa Simeoni, alianza kutufundisha uraia. Jamani, nilivyompenda mzee yule! Neno "raia" alilitamka polepole, kama anayemtaja mgeni wa heshima. Ila kila somo likifika katikati, sisi wasichana tulitumwa mtoni kuchota maji ya walimu. Nusu ya uraia wangu niliikosa hivyo.

Siku moja akasema tuchague kapita wa darasa, atakayepeleka maneno yetu kwa mkuu wa shule. Tuliosimama ni wawili: mimi, na Safari, mvulana mpole aliyeweza kusinzia wima. Niliutaka ukapita huo mpaka usingizi ukanipaa, kwani ningeomba maji yachotwe baada ya somo. Kila mwanafunzi alipewa maharagwe mawili, jeupe langu na jekundu la Safari, atumbukize moja katika chungu nyuma ya mlango. Zamu yangu ikafika. Nyumbani Mama alitufundisha kwamba anayepakua chakula hujipakulia mwisho, na anayejitanguliza hana adabu. Basi mimi mpumbavu nikatia jekundu.

Safari alipata kumi na nne, mimi kumi na tatu. Papa Simeoni aliniita nje.

"Weye ulitia gani?"

"Jekundu, Papa. Niliona haya."

"Aa, mutoto wangu! Kama weye mwenyewe haujitake, sisi tutakutaka namna gani?"

Alicheka, akanishika kichwa, lakini niliona imemuuma. Safari, Mungu ambariki, alisahau kabisa habari ya maji. Tuliendelea kwenda mtoni mpaka mwaka ukaisha.

Juzi mjukuu wangu Furaha alisimama mbele ya wenzake shuleni, kidevu juu, akasema, "Munichague miye, niko na uwezo." Jirani yangu aliguna kwamba mtoto huyu anajisifu mno. Wapi! Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Wanawake wa kijiji chetu wameniomba mara tatu niwaongoze, na mara tatu nimewajibu kwa upole, "Muchague mwingine." Mara zote tatu nilikuwa nataka.