Jirani Aliyesema Kanju

Tulihamia Likombe miaka ya tisini, baba alipopata kazi bandarini. Mama alikuwa mtu wa Iringa, mkorosho hajawahi kuuona. Wiki ya kwanza akapasua korosho mbichi kwa meno, na mafuta ya ganda yakamchoma midomo hadi ikavimba. Nilikuwa na miaka minane. Nikakimbilia kwa jirani, bibi wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya kwao Msumbiji.

Alikuja na mafuta ya nazi, akampaka mama polepole kama anayempaka mtoto mchanga.

"Kanju hailiwi hivyo, mwanangu."

"Mimi nimeambiwa ni korosho," mama akasema kwa shida.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Kesho yake alitufundisha kuzichoma juu ya bati lililotobolewa, kisha kujipaka majivu mikononi ndipo tubangue. Tangu hapo uani kwake pakawa kama kwetu, nami nikaanza kusema kanju.

Siku moja nilisema hivyo darasani, wenzangu wakacheka. Mwalimu akanisahihisha. Jioni nikamuuliza bibi neno lake kalitoa wapi.

"Kwa Wareno," akasema, mikono haiachi kubangua. "Mama yangu aliokota kwenye shamba lao. Msimamizi alipita na fimbo, kanju, kanju, siku nzima."

"Basi ni neno baya?"

"Mimi sikulisikia kwa yule. Nililisikia kwa mama, akirudi amechoka, ananitilia moja mdomoni."

Kuhusu neno korosho lilikotoka, alisema hilo niwaulize wenye nalo. Nimewauliza wengi, hata mtaalamu mmoja pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, na kila mtu ana jibu lake.

Mwalimu nilimsimulia maneno ya bibi asubuhi iliyofuata. Aliinama, akaweka kiganja juu ya meza yake.

"Hata meza ni neno la Wareno," akasema. "Na leso. Mwambie bibi yako jana nilikosea."

Nilimpelekea ujumbe huo mbio. Bibi akaitazama leso aliyojifunga kiunoni, akaipapasa, akacheka hadi akajifuta machozi kwa pindo lake. Mama alipotoka kuuliza kuna nini, bibi akamvuta akae naye mkekani.

"Njoo nikuambie," akasema. "Mtoto wetu leo amemfanya mwalimu aombe radhi."