Ndoo ya Viwavi

Nilikulia kwenye shamba la mahindi, na kwetu kiwavi si mdudu wa kutazamwa. Kiwavi ni njaa. Ukimwona unamponda, unaendelea na kazi yako. Kwa hivyo nilipowakuta kwenye mdimu wa uani, nyuma ya ile villa iliyogawanywa vyumba tuliyoishi tulipofika Doha, sikuhitaji kufikiri.

Mdimu wenyewe haukuwa wetu. Ulipandwa na marehemu mamake mwenye nyumba, mzee aliyetupangisha vyumba viwili vya chini kwa sharti moja: tuutunze mti. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kuukagua, akigeuza jani moja moja. Mume wangu ni dereva, na alimwogopa huyo mzee kuliko trafiki.

Basi nikawaita wanangu, msichana wa miaka minane na mvulana wa mitano, nikawapa ndoo ya maji ya sabuni. Nikawaambia wadudu hawa wakiumaliza mti tutalala nje. Mdogo aliichukua kazi ile kwa moyo wote. Nikirudi kutoka hospitalini, kabla sijavua viatu vya uuguzi, ananiletea ndoo nichungulie. "Mama, leo nimeokoa nyumba tena." Nami nampigia makofi. Kiwavi yule ukimchokoza anatoa pembe mbili nyekundu zinazonuka vibaya, na mwanangu hakuogopa hata hizo. Nilijivunia, sitaficha.

Dadake alichoka mapema. Siku moja nikamkuta na mkebe wa aiskrimu alioufunika kwa neti ya dirisha, ndani kiwavi mmoja mnene wa kijani. Ati anamfuga. Nikafoka, kisha nikamwachia; mmoja ana nini? Baada ya siku mbili kiwavi akajifunga kwenye kijiti kwa uzi, akavua ngozi, akabaki ganda lisilo na miguu wala uso. Nikasema amekufa huyo, tupa. Msichana akasema tungoje.

Tulingoja karibu wiki mbili. Ijumaa asubuhi msichana akaniita kwa sauti ninayoijua wodini, sauti ya mtu aliyeona damu. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Mkebeni kulikuwa na matone mekundu, na juu yake kimening'inia kidude kilicholowa, kimekunjamana. Nimezalisha, nimefumba macho ya wafu, lakini lile sikuliweza. Kidude kilijikunjua mbele yetu, bawa moja, kisha la pili, jeusi lenye madoa ya rangi ya siagi, mpaka kikawa kipepeo mkubwa kuliko kiganja cha mwanangu.

Na haya niliyajua. Darasa la sita nilichora lile duara, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, nikapewa alama zote. Kumbe kiwavi wa daftari na kiwavi wa shambani hawakuwahi kukutana kichwani mwangu.

Mvulana hakushangilia. Alimtazama kipepeo, kisha akaitazama ndoo pale chini ya bomba.

"Mama, wale wangu wote walikuwa hawa?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikujua. "Nilifundishwa shuleni," nikasema.

Akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akaiweka miguuni pangu. "Basi nyumba okoa mwenyewe." Akaingia ndani.

Mchana mwenye nyumba akaja. Tawi la nyuma, ambalo msichana alikuwa akiliruka makusudi asiokote viwavi wake, lilikuwa limebaki vijiti vitupu. Akauliza nani ameacha wadudu wafanye hivi. Mume wangu alinikazia macho ninyamaze. Mvulana alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikamwambia mzee ni mimi niliyewaacha, na sitawaua tena. Akasema basi mti wa mamake atautafutia mtunzaji mwingine.

Kabla ya mwezi kuisha tulikuwa mtaa wa Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta. Mume wangu alininunia mpaka Ramadhani. Ndoo tulihama nayo, maana ilikuwa nzima. Mvulana sasa amenipita kwa urefu, na sijamwona akiigusa tena.