Mshubiri wa Kumwachisha Mtoto Ziwa

Nilimwagiza mume wangu mshubiri, nikimaanisha ule mdogo wa kwenye kopo. Akarudi na mti. Anaendesha lori kati ya Arlington, tunakoishi, na Houston, na huko Houston ndiko alikoununua: shina nene, urefu unampita yeye mwenyewe, majani yote yako kileleni. Muuzaji alimwambia asili yake ni misitu ya pwani, kusini mwa Afrika. Aliposikia pwani na Afrika, basi, akaona ndio wetu.

"Si ulisema aloe?" akaniuliza. "Hii ni aloe, ime-grow tu."

Nilikasirika, maana sikuwa na muda wa mchezo. Kazini walikuwa wananipeleka Houston kwa mafunzo ya wiki nzima, na mwanangu, miaka miwili kasoro, alikuwa bado ananyonya. Mama yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kunisaidia kulea, alisema dawa ni moja tu, shubiri kwenye chuchu. Sisi sote alituachisha hivyo.

Ilibidi mti tuulaze ndipo upite mlangoni, tukausimamisha sebuleni kwa sababu ya baridi. Mama akaukagua, akasema si ule wa kwetu, ila shubiri ni shubiri. Akapanda kiti, akakata jani, akaonja utomvu wake, akatema. Akanipaka. Mtoto akaja mbio, akaonja, akakunja uso, akalia. Nilivumilia kidogo tu. Kisha nikakimbilia bafuni, nikajisugua kwa sabuni, nikampa.

Kesho yake tukakata jani jingine, yakawa yale yale. Mti ukaanza kunyonyoka kichwani, nami nikawa naulaumu: si mkali, ni wa kigeni, mume wangu kauziwa pambo. Niliwachosha wote nyumbani.

Jioni moja nilitoka kazini nikamkuta mtoto ametulia, anachezea vifuniko vya sufuria. Nikaketi, nikafungua vifungo, nikamwita. Alinitazama, akaendelea kucheza. Nikamwita tena.

Mama alikuwa juu ya kiti, kisu mkononi, anatafuta jani. Akashuka.

"Mwanangu," akasema, "mtoto keshaacha. Wewe hujaacha."

Nikafunga vifungo. Nilikuwa na hasira naye, na mume wangu, na lile limti.

Jumapili niliondoka. Mtoto alinipungia mkono akiwa mgongoni kwa nyanyake, anacheka. Nililia zaidi ya saa nzima njiani, mpaka Corsicana, blauzi imelowa maziwa.