Siku Baba Mkwe Alipoona Ukungu

Jamani, hii habari nimeikwepa miaka mingi, maana hata leo nikipita Shelui nikakutana na mtu wa rika langu, salamu haijaisha vizuri ananiuliza, "Vipi, ng'ombe wako alipona?" nami nabaki natafuta pa kutazama. Basi leo naisimulia mwenyewe, mcheke mara moja tuyamalize.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami ni kijana niliyejiaminisha kwamba ni fundi (ufundi wenyewe nilijifunzia kwa kufungua vitu vya watu, kuvifunga tena ilikuwa habari nyingine). Nilikuwa nimemposa Naomi, binti wa mzee Shango, balozi wetu wa nyumba kumi, na mzee alikuwa bado hajatoa jibu. Alimwambia mshenga wangu wazi kabisa, "Huyo kijana simwelewi. Kila nikipita kwake nakuta amefungua kitu. Anionyeshe kwanza kazi moja aliyoimaliza." Kazi moja! Maneno hayo yaliniuma, maana Naomi nilimpenda kweli.

Kazi yenyewe niliipata pale bwana shamba alipotuletea ukanda wa picha za ufugaji, akasema mashine ya kuonyeshea itafuata, isifuate. Nikajiambia, mashine ni nini bwana, si taa, kioo na sanduku tu? Nikachukua sanduku la sabuni, nikatia ndani taa ya mbele ya lori, rafiki yangu Hamisi aliyekuwa utingo akaniazima betri, kikabaki kioo kinene cha kukuza picha. Na kioo kinene kijijini kwetu kilikuwa mahali pamoja tu, usoni kwa mzee Shango, ambaye alipasuliwa mtoto wa jicho hospitali ya misheni akapewa miwani yenye vioo kama kitako cha chupa.

Naomi ndiye aliyeileta. "Baba amelala," akasema, "ukimaliza tu nairudisha." Nikaifunga kwa mpira wa baiskeli mbele ya tundu la sanduku, nikajaribu, picha hiyo ukutani, safi. Sasa hapo, ndugu zangu, mtu mwenye akili angejiuliza swali moja dogo: mwenye miwani naye si atakuja kutazama? Mimi sikujiuliza. Naomi naye hakujiuliza. Mapenzi hayo.

Alasiri watu wakajaa ghala la kijiji, tukafunga milango, tukaziba nyufa kwa magunia, nikatundika shuka ya mama ukutani. Mzee Shango akaingia ameshikwa mkono na mkewe, akakalishwa mbele kabisa. Ng'ombe wa kwanza alitokea miguu juu, watu wakacheka, nikaugeuza ukanda, ng'ombe akasimama vizuri, hata kupe wa sikioni anaonekana, ghala zima likapiga makofi. Nikamgeukia mzee kifua mbele.

"Mzee, unaonaje?"

"Ukungu," akasema. "Naona ukungu mtupu."

Nikaivuta miwani mbele kidogo. "Na sasa, mzee?" "Ukungu." Nikairudisha nyuma. "Ukungu, tena umezidi." Nikakwangua vichwa vya betri kwa kisu, nikakaza nyaya, taa ikazimika, ikawaka, ikazimika tena, nikapiga sanduku kofi, ikawaka. Bado ukungu! Na wale wale waliopiga makofi wakaanza kusitasita, maana nani atambishia balozi? Mama mmoja akasema, "Kweli, kwa mbali kuna kaukungu." Mwingine akadakia, "Mimi nilikaona tangu mwanzo, nilinyamaza tu." Mwishowe hata mimi nikaanza kukaona! Naomi ananivuta shati gizani, ananong'ona, "Miwani, miwani," nami namjibu kwa hasira, "Nimeshaisogeza!"

Nikaamua kwamba mwanga ndio hautoshi. Nikaisukuma taa mpaka ikakaribia kugusa ukanda. Picha ikang'aa kweli, halafu yule ng'ombe pale ukutani akaanza kuvimba tumbo, akageuka kahawia, akatoboka katikati, na mtu mmoja nyuma akauliza kwa utulivu kabisa, "Huo sasa ni ugonjwa gani?" Watu walidhani bado ni somo. Kisha harufu, kisha moshi, kisha sanduku likashika moto, watu wakakimbilia milango, nami katika kulizima nikajikwaa kwenye waya tukaanguka wote, mimi, sanduku na shuka ya mama. (Bwana shamba hakunisemesha msimu mzima.)

Nilipoinuka, ghala limejaa jua na miwani iko chini miguuni pa mzee, kioo kimoja kizima, kingine vipande. Mzee akainama, akapapasa, akaiokota, akaivaa taratibu, akanitazama kwa lile jicho moja, nimejaa masizi, shuka inaning'inia shingoni.

"Ahaa," akasema. "Ukungu umeisha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani nikatumbukie kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu ya Sekenke nisionekane tena, na jioni ile nilimwambia Naomi anisahau tu, atafute mtu mwenye akili zake.

Kesho yake mzee akamwita mshenga wangu. "Nilijua tangu nilipokaa kwamba ni macho yangu," akamwambia, "nikaona aibu kusema nimekuja bila miwani. Sasa kijana anayeona heri abomoe mashine yake, nzima kabisa, kuliko kuniambia mimi nimekosea, huyo hatamsumbua binti yangu. Mwambie nimekubali. Ila kwanza anipakie kwenye baiskeli anipeleke misheni nikapate kioo kingine."

Nilimpeleka, na milima yote ile sikulalamika. Toka hapo nimeapa: mtu akiilaumu kazi yangu, sigusi hata skrubu kabla sijamwuliza yeye mwenyewe amekuja na macho gani. Naomi husema kama ningemsikiliza siku ile nisingeaibika, nami humjibu kwamba kama ningemsikiliza, pengine baba yake asingenipa mke. Hapo hunitazama, akasonya, akaendelea kuchambua mboga.