Nani kaweka tiki nne kwenye akaunti ya mume wangu?

Jamani, leo nimemfokea mwanamke niliyedhani simjui.

Mimi na mume wangu tunafuatilia tamthilia moja, mimi hapa Mfaranyaki, yeye kazini Tunduru. Kuna tovuti ya kuweka tiki kila kipindi ukishakiangalia, na tuliahidiana hakuna kumtangulia mwenzake.

Mchana nafungua, akaunti yake ina tiki nne mpya!

Na kwenye maoni imeandikwa: "Tumelia sana leo."

Tumelia? Yeye na nani?

Nikampigia simu. Ilipopokelewa tu, nikafoka: "Mwambie huyo mwanamke uliyekaa naye, mwenye mume nipo!"

Kikohozi. Halafu sauti ya baba mkwe.

"Mwanangu, mwenzio kaenda kazini, simu katuachia sisi tuangalie tamthilia. Niliyekaa naye ni mama mkwe wako. Tumefika kwake jana kutoka Lusewa, tukamkataza asikwambie. Jumapili tulitaka tuje kwako, tukushtukize."

Hata shikamoo nilikuwa sijaitoa. Nikaitoa hapo hapo.

"Marahaba. Na mwenzangu kakusikia, uko kwenye spika."

Jumapili wanakuja.

Niambieni, nawapokea kwa uso gani?