Mto Aliolalia Mama

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti natia ufunguo saa ya ukutani, ndiyo maana nakumbuka, na mama alikuwa ameketi chini akichambua mchele. Akakohoa. Akataka kuvuta pumzi ya pili, ikagoma. Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukatawanyika sakafuni, naye akanitazama kwa macho ambayo sijayasahau hadi leo. Hayakuwa macho ya mtu anayeumwa, mwanangu. Yalikuwa macho ya mtu aliyeingia chumbani kwake gizani akahisi yumo mtu mwingine.

Mwaka ulikuwa 1970, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa ameshafariki, na tuliishi Ng'ambo, nje ya mji wa kale wa mawe, mama na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili. Mama, Bi. Mwanakhamis, alikuwa mshona magunia. Tangu wakati wa vita vya pili, akiwa msichana, alivuka kila siku asubuhi kwenda mtaa wa Malindi, karibu na bandari, kwenye nyumba moja kubwa ya mawe. Huko wanawake kiasi cha kumi walikaa uani wakikung'uta magunia matupu na kuyatia viraka ili yatumike tena. Mwanamume hakuingia uani humo. Hilo liweke akilini, maana kisa chote kimefungwa hapo.

Hospitali tulimkuta daktari mgeni aliyesema kupitia mkalimani. Alimchoma mama sindano ndefu mbavuni akatoa maji yenye rangi ya damu, akampiga picha ya kifua, akaitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitegemea: mama huyu amefanya kazi gani?

"Nnashona magunia," mama akajibu.

"Magunia ya nini?"

"Ya kila kitu, mwanangu. Ya mchele, ya karafuu, ya ile pamba ya mawe."

Mkalimani alikwama hapo. Alipofanikiwa kueleza, daktari aliweka kalamu mezani.

Pamba ya mawe ndilo jina la wanawake wale. Jina lake hasa ni asbesto. Ni jiwe linalochambuka nyuzi kama pamba, na kwa kuwa haliungui, mafundi walilikandika kwenye maboila ya meli na mitambo ya umeme. Lilishushwa bandarini magunia kwa magunia. Daktari alitueleza kwamba nyuzi zake zikivutwa na pumzi hazitoki. Hukaa kifuani miaka ishirini, thelathini, kimya, mwenyewe akila, akicheka, akizaa. Kisha siku moja huamka. Ugonjwa aliouandika unaitwa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika pafu. Dawa hakuna. Nilipotoka nje ya chumba kile niliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikiliza pumzi yangu mwenyewe.

Sheria ya fidia ilikuwapo. Mfanyakazi aliyedhurika kazini, mwajiri wake alipaswa kulipa. Nilikwenda maktaba nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, na kamusi ya Kiingereza pembeni, maana shule niliiacha darasa la nane. Nikaona mama anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba anaumwa, kwamba ugonjwa wake huletwa na vumbi lile, na kwamba vumbi lile alilivuta katika kazi ya mwajiri huyo na si kwingine. Mawili ya mwanzo daktari aliyaandika. La tatu lilikuwa letu.

Magunia yalikuwa ya kampuni moja ya uwakala wa meli, ambayo bado ilikuwa na ofisi yake. Majibu yao yalikuja kwa ufupi: hatujapata kuajiri mwanamke. Na kwa karatasi walikuwa sahihi. Wanawake waliletwa na dalali mwenye nyumba ile, dalali aliwalipa mkononi, na dalali huyo alikuwa ameondoka kisiwani tangu mapinduzi ya sitini na nne, hajulikani yuko Maskati au yu kaburini.

Nikawaendea wanawake wenzake mama. Mmoja hakunifungulia mlango. Wa pili alinisemesha kupitia dirishani, "Haji mwanangu, mama yako nampenda, lakini jina langu lisiende ofisini." Usiwalaumu. Zama zile jina la mtu likitajwa ofisini hakujua litarudi na nani. Ukikiri ulifanya kazi katika nyumba ya mtu aliyekimbia, swali la pili lilikuwa: aliacha nini humo, na nani amekichukua? Isitoshe kazi yenyewe ilikuwa ikiendelea chini ya dalali mpya, naye hakutaka kutujua. Nani apige kelele apoteze riziki?

Hapo akaingia ami yangu, Ami Sleiman, mdogo wake baba, mtu mwema mwenye haraka. Mama alikuwa akilala kwa kuketi sasa, na kila tulipomtazama tuliona siku zake zinamwagika kama mchanga.

"Shahidi ninaye," akasema ami. "Makame."

Makame alikuwa hamali. Kwa miaka mingi alisukuma gari la magunia kutoka ghala la kampuni hadi mlango wa nyumba ile ya Malindi. Hilo alilijua, na lilikuwa kweli tupu. Lakini ami aliona halitoshi.

"Sema uliwaona wakikung'uta," akamwambia. "Sema ulimuona Bi. Mwanakhamis kwa macho yako. Kuna shilingi hamsini zako."

"Mie n'likuwa naishia mlangoni, Bwana Sleiman."

"Mlangoni na ndani pana umbali gani? Hatua tatu!"

Nami nilikuwapo. Nilijua vizuri ua ule ni wa wanawake watupu. Lakini kijana hamkosoi ami yake mbele ya mgeni, na juu ya hilo nilikuwa na hofu: mama anakwisha, na njia nyingine siioni. Nikanyamaza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Ila iko siku, mwanangu, ulimi uliotulia ndio unaomkwaza mwenyewe.

Tukaitwa ofisi ya kazi. Afisa alikuwa mtu mfupi wa miwani, mzaliwa wa mji, mwenye sauti ya upole ambayo ilinitia baridi. Upande wa pili aliketi mwakilishi wa kampuni, suruali nyeupe, mguu juu ya mguu. Makame alisema aliyofundishwa, na mwanzoni alisema vizuri.

"Uliwaona wakikung'uta magunia," afisa akarudia.

"Naam, bwana. Kwa macho haya."

"Wapi?"

"Uani."

Afisa akavua miwani. "Wewe Makame, mwanamume mzima, ulikuwa ukiingia uani kwa wake za watu?"

Makame alitutazama, akatazama mlango. Akijibu ndiyo, amewavunjia wanawake heshima zao mji mzima, na waume zao watamtafuta. Akijibu siyo, ameapa uongo.

"N'likuwa... n'kipiga hodi kwanza," akasema.

Mwakilishi wa kampuni alicheka mpaka mabega yakamtikisika. Afisa hakucheka. Alifunga faili letu taratibu, akasema kwamba kuleta shahidi wa uongo ni kosa la jela, kwamba anatupa wiki mbili tulete ushahidi wa kweli, na kwamba zikipita hizo atatupeleka polisi sote watatu. Alinyoosha kidole. Kidole kilianzia kwa ami kikaishia kwangu.

Sikumbuki tulivyofika nyumbani. Nakumbuka kwamba kila aliyepiga hodi siku zile, nilidhani ni polisi.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, hodi ikapigwa nikashindwa kuitikia. Aliyeingia alikuwa Bi. Zuwena, mkubwa wa wanawake wa ua ule. Alikuwa mwembamba, mkali, na kikohozi chake nilikisikia kabla sijauona uso wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti. Ama simama hivyo hivyo, maana huoni haya." Akajifungua buibui usoni. "Mmemtia Makame uani kwetu! Mji mzima unanicheka. Mume wangu kafa miaka tisa, leo naulizwa mlangoni kama Makame alikuwa akija kunywa chai!"

Mama alicheka kule kitandani, na kicheko kikamgeukia kikohozi. Tulingoja wote wawili mpaka kipite.

"Tuliogopa, bibi," nikasema.

"Kuogopa si dhambi. Hata mimi naogopa, ndiyo maana sikuja mapema. Lakini hofu mpe kiti akae, usimpe kalamu aandike. Makame alikuwa na kweli yake ya mlangoni, mkamnyang'anya mkampa uongo wa ndani. Na sisi wa ndani hamkutungoja." Kisha akamtazama mama, na sauti yake ikabadilika. "Mwanakhamis. Ule mto unao bado?"

Mama alifumba macho. "Nnaulalia, dada."

Nataka uelewe nilichoelewa dakika ile. Pamba ile ilipokung'utwa ilijaa uani kama ukungu, laini, na buluu kwa mbali. Wanawake walifunga kanga puani wakachekana kwamba wamefanana na mizuka. Iliyoanguka chini waliiokota. Maskini hatupi kitu laini. Waliichanganya na sufi ya mti wakajazia mito, na ganda la ndani wakalishona kwa kipande cha gunia lenyewe, juu wakavisha foronya iliyotariziwa maua. Mto ule mama aliuleta nyumbani mwaka aliolewa. Ndio niliowekewa kichwani nilipozaliwa. Nimeulalia mpaka nikapata ndevu.

"Mnazunguka mji kutafuta shahidi," akasema Bi. Zuwena, "na shahidi mmemlaza kitandani. Usiufungue humu ndani. Ufunge kwa kitambaa kibichi, na siku hiyo ikifika mje mnichukue. Ntakuja na wenzangu wawili. Nshawaambia waume zao."

Siku ya kurudi ofisini afisa aliwapa wanawake chumba cha pembeni, akawaita mmoja mmoja. Kila mmoja alieleza kwa maneno yake jinsi wawili walivyoshika ncha za gunia na kupiga, na wa tatu kuokota chini, na kila mmoja alimtaja mama na mahali alipoketi, karibu na kisima. Makame akaitwa tena. Safari hii alisema alipoishia: mlangoni, ambapo sauti ya mwanamke ilimwambia kila siku, "Weka hapo, utoke!"

"Na ukatoka?" afisa akauliza.

"Mbio, bwana. Bi. Zuwena alikuwa na mchi."

Mwakilishi akasema hayo ni maneno tu, na magunia ni ya watu wengi. Ndipo nikauweka mto mezani.

Afisa aliusogeza dirishani, akavua foronya, akageuza ganda la ndani. Kwa ndani, pasipopata jua miaka yote ile, wino ulikuwa bado mweusi: nanga katika duara, na herufi mbili za jina la kampuni. Nanga hiyo hiyo ilikuwa kwenye kichwa cha barua waliyotuletea ya kukana. Akachomoa ujazo kidogo kwa ncha ya mkasi, akauweka kwenye kisahani cha majivu, akawasha kibiriti. Sufi ya mti iliwaka mara moja, ikaisha. Zilizobaki kisahanini ni nyuzi, buluu kwa mbali, nzima, kama hazikuguswa na moto.

Mwakilishi aliteremsha mguu wake sakafuni. Afisa alirudi nyuma hatua moja, akajifunika pua kwa leso, na hofu niliyoiona usoni mwake ilikuwa ile ile ya kwangu.

Fidia ilikubaliwa, na kazi ya kukung'uta uani ikasimamishwa. Mama alikufa kabla ya pesa kutoka, asubuhi, ameketi, kichwa chake kwenye mto mpya wa sufi tupu. Bi. Zuwena alimfuata baada ya mwaka. Mto ule wa zamani daktari aliagiza ufukiwe, ukafukiwa. Ganda lake lilibaki kwenye faili.

Sasa nina miaka hamsini na mitano, na kila asubuhi nikiamka navuta pumzi ya kwanza taratibu, nangoja kuona kama ya pili itakuja. Kwa hiyo nasaha yangu isikilize kama maneno ya mtu anayengoja. Kazi ikikupa vumbi, uliza ni vumbi la nini, hata kama kuuliza kunakutia hofu, na usilibebe ukalipeleka kwa watoto wako. Jambo lako likifika mbele ya sheria, mwache kila shahidi asimame pale aliposimama kweli: wa mlangoni mlangoni, wa uani uani. Kweli ndogo mbili zilizoungana zina nguvu kuliko uongo mmoja mkubwa. Na mkubwa wako akikosea kwa haraka, mvute kando umwambie kwa adabu. Mimi sikumwambia, na wiki zile mbili za hofu zilikuwa miongoni mwa chache alizobakiza mama.

Mola akujaalie kifua kipana na pumzi ndefu, akulaze juu ya kitu unachokijua, akuamshe salama. Na ukiulizwa pumzi ya mama yangu ilithaminiwa kwa kiasi gani, jibu ni hili: shilingi elfu nne na mia mbili.