Tulipofunga Mdomo wa Turkwel

Mwanangu, ile siku niliyomfukuza afisa wa serikali ufuoni naikumbuka hadi shati alilovaa. Alikuwa kijana wa Katilu, jina lake Lokwawi, afisa wa uvuvi kutoka Lodwar. Alisimama mchangani mbele yetu, pale Mto Turkwel unapoingia ziwani, akasema samaki huja mdomoni hapo kuzaa. Kwa hiyo serikali ilitaka tupafunge miezi minne kila mwaka, sisi na wao tukipalinda pamoja.

Nilikuwa bado kijana, nina maneno makali, na wanawake wenzangu wakausha samaki walinisikiliza. Nikamwuliza, "Hiyo miezi minne, watoto wetu watakula karatasi yako?" Wenzangu wakapiga vigelegele. Nikampokonya ile karatasi, nikaitia kwenye moto wa chai. Kijana wa watu alipanda pikipiki yake, akaenda. Nikajiona shujaa. Ujana huo, mwanangu!

Wiki ileile nikapeleka magunia ya samaki wakavu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Mteja wangu mkubwa kule alikuwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, mwimbaji wa kanisa lao kambini na mtu wa kucheka sana. Alifungua gunia, akatoa samaki mmoja, akamlaza kwenye kiganja. Samaki mwenyewe hakufika hata kwenye vidole. Siku hiyo Mama Furaha hakucheka.

"Mama Akiru, hii ni batoto."

"Ndio wanaopatikana siku hizi," nikamwambia.

"Kwetu Uvira nilikuwa nauzisha samaki kama weye. Tukaanza kukamata batoto, tukasema ni ya leo tu. Kisha bwana yangu akawa anashinda ku ziwa siku mbili, anarudi na nyavu ya kulowa tu. Mie nilikimbia vita, mama. Lakini njaa ilifika kwetu mbele ya vita."

Akafunga gunia, akanirudishia. Hakununua hata samaki mmoja.

Nilirudi nimekalia magunia yale juu ya lori. Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa naona samaki wakizidi kuwa wadogo, nami nikanyamaza, kwa sababu nyavu za matundu madogo zilikuwa za kaka yangu Ekal.

Lori liliponishusha Lodwar, nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Lokwawi.

"Ejok," nikamsalimu. Akainuka haraka, nadhani alifikiri nimekuja kumalizia ugomvi. "Nimekosa, afisa. Rudi ufuoni. Lakini usije na karatasi iliyokwishaandikwa. Njoo tuiandike pamoja."

Akanivutia kiti. "Ejok noi, mama. Hapo hata mimi nilikosea."

Tulikaa naye ufuoni siku tatu. Sisi tulimwonyesha mazalia ya samaki, maana tunayajua tangu utoto. Serikali ikakubali kutoa boti ya doria, na chakula cha miezi ya kufunga uvuvi. Wanawake tukapata nafasi kwenye kamati, mimi nikafanywa mwenyekiti.

Mwezi wa pili tu baada ya kufunga, boti ya doria ikanasa wavu ndani ya eneo lililofungwa. Ulikuwa wa Ekal. Ufuo mzima ukanigeukia.

"Dada," Ekal akasema kwa sauti ya chini, "utachoma nyavu yangu mbele ya watu?"

"Ingekuwa ya mtu mwingine, Lokwawi angechoma. Hii ni ya kaka yangu, nitaichoma mwenyewe."

Nikauchoma palepale ufuoni. Miezi iliyobaki Ekal hakunisemesha. Ila baada ya siku ile hakuna aliyejaribu kuvunja makubaliano, hata mmoja.

Siku ya kufungua, mwanangu, hakuna aliyebaki nyumbani. Wavu wa kwanza uliwashinda wanaume wanne kuuvuta. Nikasikia mtu akiita kutoka majini, "Akiru! Dada! Njoo ushike hapa!" Alikuwa Ekal. Nikaingia ziwani na nguo zangu zote. Tulivuta samaki wapana kama sahani, wengi hadi wavu ukakwama mchangani. Wanawake waliimba, na Lokwawi akabebwa mabegani akipiga kelele kwamba viatu vyake vimeanguka majini. Miaka iliyofuata ikawa hivyohivyo, hadi watu wa Todonyang, mbali kaskazini mwa ziwa, wakasafiri kuja kutuuliza tulifanyaje.

Basi nisikilize. Serikali haiwezi peke yake kulinda maji ambayo hailali kando yake, na sisi peke yetu tulishindwa kujizuia. Mtu akikuletea jambo, msikilize amalize. Kama halijakaa sawa, mlitengeneze pamoja, usilichome. Na mkishakubaliana, sheria ianze kwa ndugu zako wa damu, ingawa itakuuma.

Akuj, Mungu wetu, akujalie mvua kwenye nchi yako na samaki kwenye ziwa lako, akupe ujasiri wa kusema nimekosa, na wajukuu zako washibe kwa ulichokilinda.